Ndoo ya Pili Jikoni: Shajara ya Kuandaa Kaya kwa Ratiba Mpya ya Taka

Miezi minne kabla

Barua ya halmashauri imekuja, na safari hii ina tarehe. Hadi leo kila kaya inatoa pipa moja lenye kila kitu ndani, gari linapita mara mbili kwa wiki, basi. Utaratibu mpya una makundi matatu. Mabaki ya chakula yatazolewa kila wiki. Vitu vya kurejelezwa, yaani karatasi, maboksi, makopo, chupa na plastiki ngumu, vitazolewa wiki moja ndiyo, wiki moja hapana. Taka za mwisho, zile zisizo na pa kwenda isipokuwa dampo, zitachukuliwa kwenye ile wiki nyingine. Sisi wa kamati ya mtaa tumepewa jukumu la kuandaa kaya, na bajeti iliyoambatanishwa ni ya vipeperushi.

Kwenye kikao cha kwanza nimetumia muda mwingi kuvipinga hivyo vipeperushi. Vina kazi yake, lakini vinajibu swali ambalo watu hawaulizi. Ukisema "elimu kwa umma" umeshaamua kwamba tatizo ni ujinga, na kwa ninavyowajua watu wa mtaa huu, hakuna asiyejua kwamba chupa si ganda la tunda. Wanachojiuliza ni mambo mawili: hili pipa jingine nitaliweka wapi, na hilo gari litakuja kweli? Nimeomba nusu ya fedha iende kwenye ndoo za jikoni. Mweka hazina amesema atalifikiria, kwa uso wa mtu ambaye ameshafikiria.

Nilikuwa nimejiandaa na mfano wa Milano. Mji ule ulianza kukusanya mabaki ya chakula majumbani mwaka 2012, ukaenda robo moja ya mji baada ya nyingine hadi ukakamilisha 2014. Kaya zilipewa kikapu kidogo cha jikoni chenye matundu pembeni, pamoja na mifuko inayooza. Matundu yale si urembo. Sehemu kubwa ya mabaki ya chakula ni maji. Hewa ikipita, maji yanapungua, uzito unapungua, na harufu nayo inapungua. Mjumbe mmoja akauliza kwa nini basi tusiige Kamikatsu, ule mji mdogo wa Japani unaotenganisha taka katika makundi zaidi ya 40. Nimemjibu kwamba Kamikatsu hakuna gari la taka. Wakazi hupeleka wenyewe kituoni, na azimio lao la kuondokana na taka walilitangaza tangu 2003. Sisi tuna makundi matatu na miezi minne.

Bado miezi mitatu na kitu

Mweka hazina ametushangaza. Fedha za ndoo zimepita, si nusu lakini si haba. Kabla ya kununua tumeamua kupita majumbani na futi ya fundi mkononi.

Bibi mmoja ametukaribisha hadi jikoni, akafungua kabati la chini ya sinki, akavuta kiti na kututazama. Ndani kuna bomba la maji machafu lililopinda katikati, sabuni, matambara, na upande wa kushoto nafasi kidogo. Ndoo ya mfano, ya lita 10, imeingia. Mfuniko ndio umekataa: ukiufungua unagonga bomba na kurudi.

"Sasa wajukuu zangu, kila nikimenya kitu niwe naitoa nje na kuirudisha?"

"Hapana bibi, hapo utaichoka."

"Nishaichoka sasa hivi."

Ya lita 5 tumeiweka juu ya meza, ubavuni mwa ubao wa kukatia. Akachukua kisu, akasukuma maganda kutoka kwenye ubao hadi ndani ya ndoo bila kunyanyua mkono. "Hii niachieni." Tumemwambia ni ya mfano, tutamletea yake, na hajafurahi.

Tumeona jambo lilelile nyumba baada ya nyumba: takataka inaingia kwenye chombo kilicho karibu na mkono. Mtu anayemenya, vidole vimelowa, hatembei hatua tano kwa ajili ya kanuni ya halmashauri. Kwa hiyo mabaki ya chakula yapate nafasi bora jikoni, na taka za mwisho zisogezwe mbali kidogo, kinyume kabisa na nyumba nyingi zilivyo sasa. Vya kurejelezwa ni vikavu. Vinaweza kukaa popote, hata nyuma ya mlango kwenye mfuko uliotundikwa. Kwa wanaoishi chumba kimoja huo mfuko wa kutundika ndio pekee unaowezekana. Tumebadilisha oda: ndoo nyingi za lita 5, chache za lita 10 kwa familia kubwa, na mifuko ya turubai yenye vitanzi.

Mzee mmoja haoni vizuri. Halmashauri inaleta mapipa matatu yenye umbo moja, tofauti ni rangi ya mfuniko. Kwake yote ni kijivu. Mwenzetu aliyekuwa na vibano vya plastiki vya kufungia nyaya mfukoni amefunga kimoja kwenye mpini wa mfano wa pipa la kurejeleza na viwili kwenye la chakula, wa taka za mwisho akauacha mtupu. Mzee akapapasa, akataja yote matatu sawasawa. Tumeagiza pakiti nzima ya vibano.

Katikati ya mwezi huohuo

Mvutano na halmashauri juu ya nzi.

Kwenye ratiba wameandika mabaki ya chakula mara moja kwa wiki mwaka mzima. Wakati wa baridi sina neno. Wakati wa joto hesabu ni nyembamba. Yai la nzi wa nyumbani huanguliwa ndani ya siku moja, na kwenye joto safari kutoka yai hadi nzi kamili huchukua siku saba hadi kumi hivi. Pipa linalokaa siku saba juani linatuzalishia funza, na likirukwa mara moja tu tunafuga nzi wenyewe. Kaya ikishaona funza kwenye pipa la chakula mara moja, ndoo ya jikoni inageuzwa ya kuwekea vibanio vya nguo, na hutaipata tena.

Ofisa aliyetupokea alisikiliza, kisha akaleta hoja ya gharama za mafuta ya gari. Hoja halali. Lakini nilimwonyesha upande wa pili: mabaki ya chakula yakishatoka, pipa la taka za mwisho halinuki tena, na ndiyo maana linaweza kusubiri wiki mbili. Ratiba nzima imesimama juu ya mguu huo mmoja. Ukiuvunja, watu watadai taka za mwisho zizolewe kila wiki kama zamani, na hapo mafuta yatakuwa mengi zaidi. Amekubali mara mbili kwa wiki kwa miezi ya joto, kwa maandishi. Niliomba kwa maandishi.

Katika kikao hichohicho swali limetoka: kwa nini kuhangaika na chakula, si kinaoza tu? Kinaoza, ndiyo, ila dampo limeshindiliwa na hewa haiingii, kwa hiyo kinaoza bila oksijeni na kutoa methani, gesi inayopasha joto dunia takribani mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi kwa kipimo cha miaka 100. Mabaki hayohayo yakiingia kwenye mtambo uliofungwa, methani ileile inakuwa nishati na kinachobaki ni mbolea. Korea Kusini walipiga marufuku kuzika mabaki ya chakula dampo tangu 2005, na 2013 wakaanza kuzitoza kaya kulingana na kiasi wanachotupa. Ufaransa nayo, kuanzia 1 Januari 2024, inataka kila kaya iwe na njia ya kutenganisha mabaki haya. Kwa majirani zetu, lakini, hoja ya methani haijamsogeza mtu. Hoja ya pipa lisilonuka imewasogeza wote.

Siku chache baadaye

Nimeuliza kwenye kiwanda kitakachopokea mabaki ya chakula kuhusu mifuko inayooza, maana kila mtu anatuuliza. Jibu: mtambo wao unaichana na kuitoa mwanzoni kabisa, iwe inaoza au haiozi. Mfuko uliothibitishwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 13432 umepimwa katika mazingira ya mboji ya viwandani, si katika shimo la nyuma ya nyumba wala si katika kila mtambo. Ushauri wetu kwa kaya umekuwa mwepesi: tandika gazeti ndani ya ndoo, chini kabisa. Linanyonya maji, linaoza, na halinunuliwi.

Bado miezi miwili

Leo nimepanda gari la taka na vijana wa kuzoa, kwa ruhusa ya msimamizi wao. Naandika haraka kabla sijasahau.

Kwanza, hawafungui mfuko uliofungwa. Pipa la kurejeleza likiwa na mfuko mweusi uliokazwa fundo, kwao hiyo ni taka ya mwisho, hata kama ndani kuna magazeti matupu. Hawana muda wa kuhakikisha na hawataki kuingiza mkono wasikoona. Mmoja ameshachomwa na sindano. Kwa hiyo vya kurejelezwa viwekwe huru ndani ya pipa. Kipeperushi cha halmashauri hakina sentensi hiyo popote.

Pili, mifuko laini ya plastiki. Kijana anayekaa nyuma ya gari, ambaye aliwahi kufanya kazi kwenye mtambo wa kuchambua, amenieleza kwa mikono: karatasi na maboksi hupita juu ya magurudumu yanayozunguka, na mfuko laini hujiviringisha kwenye mhimili kama nywele kwenye brashi. Mtambo unasimamishwa, watu wanaingia na visu kukata. Kila siku. Watu wa mtaani wanadhani mfuko mmoja hauna madhara.

Tatu, na hapo sauti yake ilishuka, betri. Betri za lithiamu za simu, za redio ndogo, za vifaa vya watoto. Gari linashindilia, betri inapondwa, inawaka, na nyuma yake kuna karatasi kavu. Ikitokea hivyo dereva anatafuta mahali peupe, anamwaga mzigo wote barabarani na kuita zimamoto. Nimemuuliza tuwaambie nini watu. "Waambie betri haiingii kwenye pipa lolote kati ya hayo matatu. Lolote, kaka."

Nimewaomba wawili kati yao waje kwenye mikutano ya mtaa. Mwanzoni walicheka, wakidhani natania. Msimamizi amekubali kuwalipa muda wao.

Wiki iliyofuata

Mkutano wa kwanza na vijana wa gari umekwenda kuliko tulivyotarajia. Mimi ningeongea saa nzima nipate makofi ya heshima. Wao waliwaambia watu walete walichonacho nyumbani wasichokijua, wakipange mezani, nao wakawa wanakinyanyua kimoja kimoja: huku, kule, dampo.

Kazi ilikuwa kwenye plastiki. Mama mmoja alileta kopo la maziwa ya mgando, akaligeuza chini juu na kuonyesha pembetatu ya mishale. "Hapa pameandikwa inarejelezwa." Hapakuandikwa hivyo, ingawa si kosa lake kuamini. Alama ile yenye namba ilianzishwa Marekani mwaka 1988 na chama cha watengenezaji wa plastiki ili kutambulisha aina ya plastiki: 1 ni ya chupa za maji na soda, 2 ni ya madumu na chupa za sabuni, 5 ni ya makopo kama lile la mama, 6 ni ile nyepesi inayovunjika. Namba inakwambia imetengenezwa kwa plastiki ya aina gani, haikwambii kama kuna mtu atakayeichukua. Mishale ilileta mkanganyiko mkubwa kiasi kwamba mwaka 2013 kiwango cha Marekani kikaibadilisha kuwa pembetatu isiyo na mishale, lakini vyombo vyenye mishale bado vimejaa kila mahali. Kiwanda kinachochukua plastiki yetu kinapokea 1, 2 na 5. Tumeandika hivyo kwa herufi kubwa na kuacha kuzungumzia plastiki "inayorejelezeka" kwa ujumla wake.

Mzee mwingine alitaka kujua kosa liko wapi akiweka kitu asichokuwa na uhakika nacho, si watachambua wenyewe huko? Swali zuri, na nadhani ndilo linalowasumbua watu waungwana zaidi: hutupa kwa matumaini. Jibu ni kwamba shehena chafu hainunuliwi. Mwaka 2018 China, iliyokuwa ikipokea sehemu kubwa ya plastiki na karatasi chakavu za dunia, ilipunguza uchafu unaoruhusiwa hadi nusu asilimia, na shehena za nchi tajiri zikaanza kurundikana bandarini au kuishia dampo. Boksi lililolowa mafuta linaharibu nyuzi za karatasi iliyo jirani nalo. Chupa ya glasi ikipasuka ndani ya karatasi, vipande vinaingia kila mahali. Ukiwa na shaka, weka kwenye taka za mwisho. Inauma kuisema sentensi hiyo kwenye mkutano wa urejelezaji, lakini ndiyo ya kweli.

Kopo la alumini, kwa upande mwingine, halina maswali. Kuliyeyusha upya huokoa takribani asilimia 95 ya nishati ya kutengeneza alumini mpya, na soko lake halijawahi kulala.

Bado wiki sita

Majengo ya ghorofa. Huku ndiko mipango mizuri hufia.

Kwenye nyumba ya peke yake pipa lina mwenyewe. Kwenye jengo la kaya nyingi pipa ni la wote, na la wote ni la hakuna. Tumekuta mmiliki wa jengo mmoja ameshapanga mapipa mapya: taka za mwisho mbele ya ngazi, ya kurejeleza nyuma ya jengo karibu na ukuta, "ili yasiharibu mandhari." Tumemwomba ayapange yote matatu pamoja, bega kwa bega, la taka za mwisho likiwa la mbali zaidi kutoka mlangoni. Ameuliza kama ni sheria. Si sheria. Ila mpangaji akishuka na mifuko mitatu, na pipa moja tu liko mbele yake, mifuko yote mitatu inaingia humo.

Pia mifuniko. Pipa la wazi hupokea chochote. Tumekubaliana kwamba pipa la kurejeleza liwe na tundu la duara linalopitisha chupa na kukataa mfuko, pamoja na mwanya mrefu wa karatasi. Mfuniko unafundisha kuliko bango.

Mtu wa maana kwenye ghorofa ni mlinzi au msimamizi wa jengo. Yeye ndiye anayejua nani anatupa nini na saa ngapi, na kesi zitaanzia kwake. Tumewakusanya peke yao, tukawauliza badala ya kuwafundisha. Wametuambia la Shanghai bila kulijua. Kule, kanuni za kutenganisha taka zilipoanza 1 Julai 2019, majengo mengi yalifunga sehemu za mapipa na kuzifungua kwa saa maalum asubuhi na jioni, watu wa kujitolea wakisimama kuangalia. Kutenganisha kuliboreka, lakini wanaofanya kazi zamu za usiku walibaki na mifuko mkononi. "Mkifunga kwa saa," alisema msimamizi mmoja, "mimi nitakuta mifuko kwenye ngazi." Hatufungi kwa saa.

Katika wiki hiyohiyo

Waokota taka. Barua ya halmashauri haiwataji hata mara moja, wakati wao ndio wamekuwa wakirejeleza kwenye mtaa huu kabla hatujawa na neno la kuliita jambo hilo. Wanafungua mapipa alfajiri, wanachukua makopo na chupa, wanauza. Utaratibu mpya unachukua vilevile vitu vyao na kuvipakia kwenye gari la kampuni ya kuzoa taka.

Nimelipeleka kwenye kikao na halikupokelewa vizuri. Mjumbe mmoja alisema wanachafua. Wengine wanachafua, kweli, pale mfuko uliochanganywa unapopasuliwa barabarani. Lakini ukishatenganishwa hakuna cha kupasua. Nimewasomea mfano wa Pune, India, ambako waokota taka wana ushirika wao, SWaCH, unaokusanya taka mlango kwa mlango kwa makubaliano na manispaa. Brazili nayo, katika sheria yake ya taka ngumu ya mwaka 2010, iliwatambua waokota taka na vyama vyao vya ushirika. Tulichopata si kikubwa: kampuni imekubali kuajiri baadhi yao kwenye sehemu ya kuchambua, na majengo mawili yatawapa makopo yao moja kwa moja. Wengine bado hawana jibu, na sitaki kuandika hapa kana kwamba wanalo.

Bado wiki tatu

Kalenda. Halmashauri imetuma jedwali la mwaka mzima, mistari midogo, rangi mbili zinazofanana. Hili la wiki ndiyo wiki hapana ndilo litakaloumiza watu kuliko kutenganisha kwenyewe. Nimewauliza wengi wanajuaje siku ya gari sasa hivi, na jibu halijabadilika: wanachungulia kwa jirani. Jirani akitoa pipa, nao wanatoa. Jirani akikosea, mtaa mzima unakosea.

Basi tumelitumia hilo badala ya kupigana nalo. Kwa kila kipande cha barabara tumetafuta mtu mmoja anayeamka mapema, asiyesahau, na asiyependa makuu. Kazi yake ni kutoa pipa sahihi jioni ya kuamkia siku ya gari. Hapigi kelele, hagongi milango. Anatoa pipa tu. Pia ujumbe mfupi wa simu utatumwa jioni hiyo, maneno yasiyozidi kumi: "Kesho: chakula na kurejeleza. Taka za mwisho wiki ijayo." Rasimu ya halmashauri ilikuwa na salamu, kaulimbiu na jina la ofisi. Tumeikata yote.

Sikukuu zinazosogeza siku ya gari tumezitenga kwenye karatasi yake ya kubandika mlangoni. Hizo kipeperushi kimezifaa.

Bado wiki moja

Ndoo zimegawiwa. Nepi zimejitokeza kama suala ambalo hakuna aliyelipanga: familia yenye watoto wachanga wawili haiwezi kukaa wiki mbili na nepi zilizotumika. Nimemrudia yule ofisa wa nzi. Kutakuwa na mfuko maalum wa nepi, wenye rangi yake, unaochukuliwa kila wiki kwa walioandikishwa. Wanaohudumia wagonjwa nyumbani nao wamejiandikisha hapo.

Wiki ya mabadiliko

Gari la chakula limefika siku yake, limechelewa kidogo. La kurejeleza limefika. Kwenye barabara moja ya pembeni halikufika kabisa, kwa sababu dereva mpya hakujua kwamba njia inageuka mwishoni. Kufikia mchana simu yangu ilikuwa ya moto. Kampuni imeleta gari dogo kabla ya giza. Nililisisitiza hilo "kabla ya giza" kwa ukali kuliko ninavyopenda kuongea na watu, kwa sababu mapipa yaliyotenganishwa vizuri yakilala nje usiku wa kwanza, asubuhi yake watu watarudisha kila kitu kwenye pipa moja na watakuwa na haki. Kaya imetimiza upande wake. Gari ndilo lenye deni.

Vijana wa kuzoa wameanza kutumia kadi. Wakikuta kitu kisichofaa juu ya pipa hawaliachi lote. Wanakitoa, wanakiweka pembeni na kuning'iniza kadi yenye picha ya kitu hichohicho iliyopigwa alama ya X. Mama mmoja amekuja na kadi yake mkononi, amekasirika, akidai si mfuko wake. Tumeenda naye hadi kwenye pipa. Ulikuwa wa kijana wake. Amemwita pale pale, mbele yetu, na sisi tukatafuta njia ya kuondoka.

Baada ya mwezi

Ndoo za lita 5 zinatumika, na mtaa wa pili unaziulizia. Bibi wa ubao wa kukatia amehamisha yake hadi kwenye dirisha la jua, jambo nisilolipenda, lakini anasema gazeti linakauka haraka na amemwonyesha jirani yake kufanya hivyo. Mzee wa vibano anatoa mapipa yake mwenyewe, na ya jirani anayesafiri.

Kwenye ghorofa hali ni mchanganyiko. Jengo jingine, lililokubali kupanga mapipa pamoja, linatoa shehena safi. Vijana wa gari wenyewe wameniambia bila kuulizwa. Jengo la yule aliyeuliza kama ni sheria bado lina pipa la kurejeleza nyuma ya jengo, na la taka za mwisho linafurika kila mara. Msimamizi wake ametuma picha. Nitaipeleka kwa mmiliki bila maelezo yoyote.

Betri bado hazina pa kwenda palipo karibu. Watu wamezitenga kama walivyoambiwa, na sasa zimejaa kwenye mitungi na makopo majumbani, jambo ambalo nalo si salama. Tumewaambia wazibandike utepe wa gundi kwenye ncha zisigusane na kuziweka mbali na jiko, ila hilo ni la kujishikiza tu. Ofisa anasema boksi la kukusanyia litawekwa kwenye ofisi ya kata. Nimemwomba tarehe, na nimemwomba aiandike.